Shogi za Faiba: Bodi na Masanduku ya Pikipiki ya Miguu Mitatu

(Niliongea haya Jumamosi kwenye gereji yetu hapa Kirumba, Mwanza, mbele ya mafundi wa kuchomelea, mafundi bodi na ndugu zetu wenye ulemavu waliokuja kuangalia kazi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Wazee wangu shikamooni. Mafundi wenzangu habari za kazi, na nyie vijana mliokaa kule nyuma kivulini mambo vipi, sogeeni mbele kidogo maana jana nimeshinda kwenye vumbi la msasa na sauti imekauka.

Nimeombwa niongelee bodi ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi inayoitwa resini, na sehemu za kuwekea mizigo kwenye pikipiki ya miguu mitatu ya kuunda wenyewe, na najua wengi hapa mmekuja na hamu ya kuona resini inavyopakwa na rangi inavyong'aa, tutafika huko. Ila mi ntaanza na mzigo. Mzigo ndo unatakiwa uamue bodi ikae vipi, alafu bodi ndo ifuate, na sisi mafundi wengi tunafanya kinyume, tunachora bodi nzuri kwanza alafu mwishoni tunauliza haya sasa sanduku tutalibandika wapi, na jibu linakuwaga lilelile, nyuma kabisa, kwa sababu ndo nafasi iliyobaki.

Mimi nilifanya hivyohivyo.

Kuna kaka yetu mmoja, yupo hapa leo lakini ameniomba nisimtaje jina, miguu yake haifanyi kazi tangu akiwa mtoto, ni fundi simu na redio, anazunguka magulio. Alikuja akaniambia fundi nataka chombo changu mwenyewe, nimechoka kubebwa na bodaboda huku kitimwendo kinafungwa kamba kwa nyuma kama mkungu wa ndizi. Akanitajia vitu anavyotembea navyo kila siku: betri ya sola ya Ah 100, ile nzito, kilo 30 hivi, boksi la vifaa kilo 15, na kitimwendo chenyewe cha kukunja kilo 15. Jumla kilo 60. Na mtoto wake wa darasa la pili anampeleka shule asubuhi.

Nikachukua injini na difu ya guta la mizigo lililokufa, nikaunda chesesi ya skwea paipu, kutoka ekseli ya nyuma mpaka mguu wa mbele ni sentimita 160, breki na gia zote nikazileta mkononi. Hapo kazi ilikuwa nzuri na nasimama nayo mpaka leo. Alafu kwa nyuma nikaweka sanduku la shiti ya chuma na engo, kubwa, lenye mlango wa nyuma kama wa kirikuu, likapigwa rangi nyekundu, watu wakasifia. Sanduku peke yake kilo 38. Betri ikakaa mwisho kabisa karibu na mlango ili aifikie kirahisi.

Wiki ya pili akapanda nayo mlima wa kuelekea Bugando, nyie mnaujua ule mwinuko. Katikati ya mlima akakata usukani kukwepa shimo, usukani ukaenda lakini chombo hakikwenda, mguu wa mbele ulikuwa unaigusa lami tu kama mtu anayetembea kwa vidole, ukateleza, wakaingia mtaroni. Mtoto alikuwa naye. Mungu alisaidia hawakuumia, madigadi ya mbele ikapasuka na boksi la vifaa likamwagika. Alinipigia simu akaniambia fundi, hiki chombo hakinisikii. Hakunigombeza hata kidogo. Nilikaa usiku ule sikulala.

Asubuhi nikaenda pale Mwaloni, soko la samaki, nikaazima mizani ya jukwaa, ile wanayopimia magunia ya dagaa. Tukaweka mguu wa mbele juu ya mizani, miguu ya nyuma tukaipandisha juu ya mbao za unene uleule ili chombo kikae sawa kisiinamie, na mwenyewe amekaa kwenye siti. Bila mzigo mguu wa mbele ulikuwa na kilo 52. Tukapakia vile vitu vyake vyote sandukuni. Mizani ikasoma 31.

Kilo 31 kwenye mguu unaobeba usukani wote, na hapo ni tambarare. Kwenye mlima uzito unarudi nyuma tena, ukiongeza mafuta unarudi zaidi, kwahiyo pale Bugando sidhani kama zilikuwa zimebaki hata kilo 13. Utakata kona na nini?

Hesabu yake haina ugumu, hata aliyeishia darasa la saba anaipiga, ni ile bembea ya mbao ya watoto. Ekseli ya nyuma ndo jiwe la katikati. Kitu chochote ukikiweka nyuma ya ekseli kinanyanyua mguu wa mbele, ukikiweka mbele ya ekseli kinaukandamiza. Zile kilo 60 zilikuwa zimekaa kama sentimita 55 nyuma ya ekseli. Zidisha 60 kwa 55, gawanya kwa 160 ambao ndo urefu kutoka ekseli mpaka mguu wa mbele, unapata 20 na kidogo. Ndo zile kilo 21 zilizopotea kwenye mizani, 52 kuja 31. Mzigo uleule ukiuweka mbele ya ekseli hesabu inageuka, inajumlisha badala ya kutoa.

Sasa mtu ataniuliza, basi fundi si tuweke kila kitu mbele kabisa? Hapana, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo pikipiki ya miguu mitatu inapotofautiana na gari. Chukua kijiti chora chini alama tatu, mguu mmoja mbele miwili nyuma, ziunganishe. Umepata pembetatu. Uzito wote wa chombo, dereva na mizigo una sehemu yake moja ya katikati, na sehemu hiyo lazima ibaki ndani ya ile pembetatu, ukikata kona uzito unasukumwa kwenda nje, ukivuka mstari wa pembeni umelala. Kule nyuma pembetatu ni pana, kadri unavyokwenda mbele inabanwa mpaka inakuwa ncha. Kwahiyo ukirundika mzigo mbele sana umejipeleka kwenye sehemu nyembamba, na ukikata kona huku umeshika breki ndo mbaya zaidi, maana breki inausukuma uzito mbele na kona inausukuma pembeni, vyote kwa pamoja, chombo kinaangukia kwenye bega la mbele. Ukirundika nyuma ya ekseli ndo yale ya Bugando. Mahali pazuri ni mbele kidogo tu ya ekseli, na chini. Chini kabisa unavyoweza, maana uzito ukikaa juu unahitaji msukumo mdogo tu kuvuka ule mstari.

Na hapo mbele kidogo ya ekseli, chini, pembeni mwa siti, mkiangalia magari mengi ya miguu mitatu yanayoundwa mtaani kunakuwa na nini? Hakuna kitu. Pamewekwa bati la urembo au pako wazi. Nafasi bora kuliko zote imeachwa.

Wakati nalifikiria hilo nikakumbuka punda. Waliofika Lamu wanamjua punda na shogi zake, mfuko huku na mfuko huku, mzigo unaning'inia pande mbili umesawazishwa, uko chini ya mgongo na katikati ya miguu ya mbele na ya nyuma. Hakuna anayemtundikia punda mzigo mkiani. Wazee wale hawakupiga hesabu ya sentimita lakini mnyama mwenyewe angewakatalia. Nikasema basi huyu ntamtengenezea shogi.

Lakini shogi ya chuma pale haikai vizuri. Ile nafasi ina umbo la ajabu, kuna duara la tairi, kuna mteremko wa siti, kuna bomba la ekzosi upande wa kulia, ukikata shiti utapata boksi la pembe nne dogo katikati na kona zote zimepotea. Faiba inaingia kwenye kila kona maana unaipaka, inafuata umbo lolote. Hiyo ndo sababu nilienda kwenye faiba. Mi faiba nilijifunzia kwenye boti, miaka sita nimepaka boti za ziwani kabla sijagusa pikipiki, na nashangaa ilinichukua muda wote ule kuona kwamba sanduku la pikipiki ni kiboti tu chenye mfuniko.

Na msidhani hii ni kazi ya kubahatisha ya huku kwetu. Chevrolet Corvette ya kwanza kabisa mwaka 1953 zilitoka gari 300 tu, zimeungwa kwa mikono kule Flint Michigan, na bodi yake ilikuwa faiba. Harley-Davidson walikuwa na pikipiki ya miguu mitatu inaitwa Servi-Car, wameiunda kuanzia 1932 mpaka 1973, miaka 41, na kilichoiweka sokoni muda wote huo ni lile sanduku lake la nyuma, magereji na polisi wa Marekani waliitumia sana. Na Uingereza kulikuwa na kitu kinachotuhusu kabisa leo, Invacar, kigari cha miguu mitatu chenye bodi ya faiba rangi ya bluu ya mpauko, serikali ilikuwa inawapa watu wenye ulemavu. Ilikuwa ni heshima kubwa kwa mtu ambaye zamani angebaki ndani. Lakini kilikuwa na siti moja tu. Unaweza kwenda kazini, huwezi kwenda na mkeo wala mtoto, na watu wenyewe wenye ulemavu walilalamika sana juu ya hilo na juu ya usalama wake, mpaka mwaka 2003 vile vya serikali vikaondolewa barabarani. Nilivyosoma habari ile nikamwambia kaka yetu, siti yako itakuwa ya benchi, pana, mtoto anakaa pembeni yako na mkanda wake. Na uzito wa mtoto uko mbele ya ekseli, unatusaidia.

Kabla sijapaka hata tone la resini kwenye kazi hii ya pili nilikaa kwenye kitimwendo chake kama masaa mawili hivi. Nikakisogeza pembeni ya chesesi, nikawa nanyoosha mkono kila mahali bila kusimama, rafiki yangu anaweka alama kwa chaki pale mkono unapofika. Kila mlango, kila kitasa, kila mfuniko ukawekwa ndani ya zile alama. Lile sanduku la kwanza mlango wake ulikuwa nyuma, yaani alikuwa kila siku lazima aombe mtu amfungulie sanduku lake mwenyewe. Hilo hakuwahi kunilalamikia ila nililiona siku ile nimekaa kwenye kiti chake, na liliniuma kuliko hata ule mtaro.

Mpangilio mpya ukawa hivi. Betri imehamia chini ya siti, sentimita 60 mbele ya ekseli, imekaa kwenye kikapu cha chuma kilichochomelewa kwenye chesesi. Vifaa vimeingia kwenye shogi mbili kushoto na kulia, vifuniko vinafunguka kwa juu na bawaba ziko upande wa mbele ili hata ukisahau kufunga upepo uubane mfuniko badala ya kuufunua. Kitimwendo kinakaa wima kwenye mfereji mwembamba nyuma ya egemeo, juu ya ekseli kabisa, kinavutwa kwa upande wa kushoto, maana sisi tunaendesha kushoto, akisimama pembeni mwa barabara anashukia upande wa nyasi na sio upande wa malori. Nyuma ya ekseli nimeacha buti ndogo ya kina cha sentimita 25, ya mwavuli, koti la mvua, mabegi ya shule. Nimeifanya ndogo kwa makusudi, maana ukimpa mtu sanduku kubwa nyuma atalijaza tu, hata ungeandika onyo kwa rangi nyekundu, siku akipata gunia la mchele la bei nzuri ataliweka.

Haya, faiba sasa.

Mnaijua shiti ya chuma ya milimita 1, mita moja ya mraba inakaribia kilo 8. Faiba ya mati ya 450 (mkeka wa nyuzi za kioo, gramu 450 kwa mita ya mraba) tabaka tatu, unene wake kama milimita 3, mita hiyohiyo ni kilo 4 na nusu hivi, na haishiki kutu. Bodi yote na masanduku yake imekula kilo 24, lile sanduku jekundu peke yake lilikuwa 38.

Kwa chombo kimoja tu msihangaike kutengeneza moldi, ile kalibu ya kutolea bodi nyingi, moldi ni ya mtu anayetoa kumi. Tengeneza umbo kwa plaiwudi na povu, paka juu yake. Ila povu lipi? Hapa Mwanza stairofomu ya maboksi ya samaki imejaa kila kona na ni bure, na resini ya poliesta inaila kama sukari kwenye chai, ndani yake kuna stairini inayoyeyusha lile povu, mi nimewahi kupaka shavu zima asubuhi nikarudi saa sita nikakuta limebonyea ndani. Kama huna povu lingine livalishe kwanza solotepu ya kahawia lote, usiache tundu hata la sindano, hiyo solotepu pia inasaidia faiba kubanduka. Au nunua povu la poliurethani, hilo haliliwi, ila bei yake imesimama.

Kona zote zifanyeni za mviringo. Mati ya faiba haipendi kona kali, inanyanyuka, hewa inabaki chini yake, juu inaonekana nzima na chini kuna tundu, alafu siku ya kwanza jiwe likigonga pale panapasuka. Mi natumia chupa ya bia kupima mviringo wa kona za ndani, kona ikiikubali chupa basi mati itakaa.

Resini na mati zipimwe kwa mizani, sio kwa macho. Kilo moja ya mati inakula kilo mbili mpaka mbili na nusu za resini. Ukizidisha resini unapata kitu kizito kinachovunjika kama kigae, nguvu yote iko kwenye nyuzi, resini ni gundi tu ya kuzishika. Pitisha rola mpaka ule weupe wa mati upotee wote, weupe ukibaki maana yake kuna hewa au pakavu. Na hadina, ile dawa ya kugandisha resini, ni gramu 10 mpaka 20 kwa kilo moja ya resini. Kwa jua letu mi nakaa kwenye 10 au 12 na napaka alfajiri, mchana resini inaganda na brashi iko ndani. Msishuke chini ya 10, kuna watu wanapunguza hadina ili wapate muda, inaganda juujuu na ndani haikomai maisha.

Sasa usalama, na hapa siongei kwa haraka. Hadina ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Vaa miwani, na ikiingia osha kwa maji mengi papo hapo, dakika 15 na zaidi, alafu hospitali, usisubiri uone kama itaacha kuwasha. Kama resini yako unaichanganya mwenyewe na kobalti, ile dawa ya zambarau ya kuharakisha kuganda, kobalti na hadina zisikutane zenyewe hata tone, zinalipuka. Weka kobalti kwenye resini kwanza, koroga mpaka iishe kabisa, ndo hadina ifuate. Na resini inayobaki kwenye kopo inachemka yenyewe, ikiwa nyingi na kopo ni refu inatoa moshi na inaweza kuwaka, kwahiyo changanya kidogokidogo na kopo lililobaki litoe nje kwenye mchanga, usilitupe kwenye pipa lenye matambara. Barakoa za kitambaa hazizuii harufu ile, inatakiwa ile yenye vichujio vya kemikali, na kwenye grainda vumbi la vioo linaingia kwenye ngozi na kwenye mapafu, vaa mikono mirefu. Nimefanya kazi na mzee mmoja kwenye boti, fundi hodari kuliko mimi, hakuwahi kuvaa kitu puani, kifua chake sasa hivi akipanda ngazi tano anakaa chini. Naomba sana vijana.

Kitu kingine nilichokitoa kwenye boti ni mataruma, zile mbavu za ndani. Jahazi halisimami kwa ubao, linasimama kwa mataruma yaliyo ndani, na faiba ni hivyohivyo, ukuta mpana wa faiba bila mataruma unatetemeka kama ngoma na mwisho unachora nyufa. Badala ya kuongeza tabaka tano, pasua bomba la PVC katikati, libandike kwa ndani, lifunike na tabaka mbili. Ni jepesi na ukuta unakuwa mgumu.

Na bodi isibebe mzigo! Chesesi ya miguu mitatu inajinyonga ukipita kwenye mashimo, mguu mmoja juu mwingine chini, chuma kinavumilia lakini faiba ukiifunga kwa kukaza kila mahali itafuata ule mnyongo mpaka ichanike kwenye bolti. Sakafu ya kila shogi ikae juu ya chuma, uzito ushuke kwenye chuma, faiba iwe ngozi tu. Bolti zangu ni sita kwa bodi nzima, kila moja ina washa pana na kipande cha raba ya tyubu kati ya faiba na chuma, na pale bolti inapopita nimezidisha tabaka mpaka unene unafika milimita 6 au 7. Mkiona bodi ya faiba ina nyufa kama nyota ujue kuna sehemu inabanwa au inagongwa kwa ndani, msikimbilie kupaka puti, tafuteni kwanza kinachogonga.

Upande wa ekzosi acheni nafasi ya vidole vitatu vinne na muweke kipande cha alumini katikati, resini ya kawaida inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 mpaka 80 hivi, na joto la bomba la ekzosi linazidi hapo kwa mbali sana. Shogi ya upande ule msiwekee kitu kinachoshika moto. Na petroli ya akiba haikai ndani ya shogi yoyote, wala upande wa betri, hilo halina mjadala.

Mvua ya ziwa inakuja ya upepo, inaingia kwa chini, kwahiyo mdomo wa sanduku ukunjwe kwenda juu na mfuniko uuvae kama mfuniko wa sufuria, ndani pitisha raba ya mlango wa gari, chini kabisa toboa tundu moja dogo maji yatoke. Watu wanaogopa kutoboa sanduku jipya. Toboeni.

Kuna kijana ameniuliza pale asubuhi kama anaweza kumuundia mteja bila karatasi. Usifanye hivyo mdogo wangu. Kabla hujakata chuma nenda na mteja wako ukawaulize trafiki na TRA, mamlaka ya mapato, wanataka nini kwenye chombo kilichobadilishwa umbo, maana kikishaisha ndo ukaambiwa taa hazionekani au namba imefichwa na buti, utavunja faiba uliyoipaka wiki nzima. Mteja mwenye ulemavu akikamatwa barabarani hawezi tu kuacha chombo akatembea kwenda nyumbani.

Kaka yetu amekuja nacho, kiko pale nje. Kina mwaka na miezi sasa. Leo asubuhi tumekiweka tena juu ya mizani, yeye amekaa kwenye siti, betri, vifaa na kitimwendo vyote vimo, mguu wa mbele umesoma kilo 79. Zamani ulikuwa 31.

Mizani nimeilipia mpaka jioni. Mliokuja na vyombo vyenu, msishushe mzigo, njooni navyo vilivyo kama mnavyotembea navyo kila siku, tuanze na yule mama mwenye lile guta la maji.